Mzima, Afande

Siku jopo la madaktari wa jeshi lilipofika Musoma kuwapima askari wastaafu, Wanzagi Mugeta aliiacha fimbo yake nyumbani makusudi. Aliisimamisha nyuma ya mlango, akamwambia mkewe Marcelina kwamba yeye haendi kuomba sadaka. Akavaa suti ya kijivu aliyoshonewa kwa ajili ya harusi ya bintiye, akajifunga kitambaa kikavu ndani ya suruali, jambo alilokuwa amelizoea kwa miaka mitano, akapanda gari la asubuhi kutoka Butiama. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Habari yake haikuwa ndefu. Mwaka 1979, katika vita vya Kagera, lori lao lilikanyaga bomu la ardhini ng'ambo ya mpaka, naye akarushwa juu na kuangukia mgongo. Akapona, au alisema amepona, akaendelea na jeshi mpaka akastaafu na ukoplo wake, akarudi Mwitongo, pale pale Butiama, kulima mihogo na mtama. Uzee ulipobisha hodi, mgongo nao ukaanza kudai haki yake. Mguu wa kushoto ukafa ganzi. Halafu likaja lile jingine, ambalo nyumbani kwake halikuwa na jina: mkojo ukawa hausubiri. Daktari mmoja wa mjini alimweleza kuwa mishipa ya uti wa mgongo imebanwa, na kwamba bila upasuaji mwaka hautaisha kabla hajawa mtu wa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Upasuaji wenyewe ulikuwa ukifanyika katika hospitali kubwa ya jeshi, na njia ya kufika huko kwa mtu wa mfuko wake ilikuwa moja tu, jeshi likubali kwamba ulemavu ule ulitokana na kazi.

Bintiye Diana, muuguzi huko Bunda, ndiye aliyemkalisha chini na kumfafanulia jinsi mambo hayo yanavyoamuliwa. Wanaangalia vitu vitatu, alimwambia. Kwanza waone kwamba leo hii una ulemavu. Pili waone kwamba kuna jambo lilikupata ukiwa kazini. Tatu waone kwamba hili la leo limezaliwa na lile la zamani. Kimoja kikikosekana, faili linafungwa. Kisha akamjazia fomu kwa mkono wake, mstari kwa mstari, pamoja na ule mstari wa mkojo, akampa akaipeleke.

Wanzagi alishukuru sana. Akaenda zake kwenye duka la vifaa vya ofisini, akachukua fomu nyingine safi, akainakili yote kwa mwandiko wake wa kikoplo, akauruka mstari ule. Ile ya Diana akaichanachana.

Kabla hatujamwita mjinga, tujue alikotoka. Kwa wanaume wa rika lake pale Butiama, kijana alisimama mbele ya kisu cha jando alfajiri, uchi, kwenye baridi, huku wajomba wakimtazama si pale panapokatwa bali usoni, kwenye kope. Aliyepepesa macho alibeba jina la mwoga maisha yake yote, na watoto wake wakataniwa nalo kisimani. Wanzagi hakupepesa. Medali ya vita aliiweka ndani ya kopo la chai pamoja na vifungo vya mashati, lakini habari ya kope zake aliisimulia mpaka kwa wakwe. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyetakiwa kukaa mbele ya binti wa umri wa mwanawe na kusema panauma.

Daktari aliyempima alikuwa meja, binti mpole, mwenye miwani. Alimuuliza anajisikiaje. "Mzima, afande," akajibu Wanzagi, amekaza shingo. Anaweza kuinama? Akainama mpaka vidole vikagusa viatu, jasho likimtiririka ndani ya suti. Anaweza kutembea bila kushika kitu? Akatembea kutoka ukuta hadi ukuta kwa hatua za gwaride. Usingizi? Analala vizuri. Haja ndogo je, hapati shida yoyote? "Safi kabisa, afande." Meja akamtazama kidogo juu ya miwani, akaandika. Yaani mtu mzima na akili zake amefunga safari kwenda kutafuta tiba, akafanya juhudi zote za mwili na roho kumhakikishia daktari kwamba haumwi. Alipotoka alijifungia chooni, akashikilia ukuta, machozi yakimtoka kwa maumivu, na kitambaa kilikuwa kimelowa chapachapa.

Barua ilikuja baada ya miezi minne. Ulemavu: asilimia sifuri. Sababu zilikuwa mbili. Uchunguzi haukuonyesha upungufu wowote, na kumbukumbu za vita zilisema kwamba Koplo Wanzagi alitoka kwenye hema la majeruhi siku ya tatu na kurudi kikosini akiwa mzima. Aliisoma akiwa amesimama shambani, akaikunja, akaificha ndani ya Biblia kubwa ambayo hakuna aliyeifungua tangu matanga ya mama yake. Nyumbani akasema serikali mnaijua, majibu bado.

Diana aliipata wakati anatafuta cheti cha ubatizo. Hakupiga kelele, na Wanzagi angefurahi kama angepiga. Alisoma, akarudia kusoma, akamuuliza baba yake kwa sauti ya chini aliwaambia nini wale madaktari. Wanzagi akatazama ng'ombe wa jirani. Akaulizwa kama ule mstari wa mkojo ulikuwepo kwenye fomu. Akasema anadhani ulikuwepo. Diana akamtazama mpaka mzee akashusha macho mwenyewe. Kudanganya jeshi ni jambo moja, lakini kudanganya mtoto uliyemfundisha kusema kweli kwa fimbo ni aibu ya aina yake.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja za kukata rufaa. Diana alisema kinachotakiwa sasa ni ushahidi mpya, wa mtu anayeishi naye na wa mtu aliyekuwa naye kwenye lori siku ile. Wa kwanza alikuwa Marcelina. Diana akauliza ni wangapi wa lile lori wangali hai.

"Labda wameisha wote," akasema Wanzagi.

"Masatu yupo," Marcelina akasema akiwa jikoni. "Anakaaga Kigera kwa mwanawe. Si tulimkuta kwenye msiba wa Kasisi Felisian? Ukajifanya hukumwona."

Wanzagi akasema hakumwona kweli. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kudanganya asubuhi hiyo, na chai ilikuwa haijaiva.

Masatu alikuwa mtu wa ziwani, kutoka vijiji vya rasi, mrefu, mcheshi, aliyejua kupika sato kwa maji na chumvi tu ukajilamba vidole. Walikuwa kikosi kimoja. Wanzagi alimtania kila siku kwa sababu Masatu alitahiriwa hospitali ya misheni, kwa sindano ya ganzi, akiwa amelala. Akamwita Bwana Sindano. Masatu alikuwa akicheka na kumwambia kwamba wazee wa Butiama wangekuwa na akili nao wangenunua sindano. Bomu lile lilimwachia Masatu sikio moja bovu, la kushoto, na mikono inayotetemeka. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Nyakato, lakini mikono ilipozidi akaacha kazi.

Miaka kumi na miwili iliyopita, Masatu naye aliomba fidia. Akamwandika Wanzagi kuwa shahidi wake. Ofisa mmoja akafunga safari mpaka Mwitongo, akapewa kiti na soda, akauliza kama ni kweli yule mwenzake alidhurika siku ile. Lilikuwa ni suala la kusema ndiyo. Wanzagi akasema Masatu ni mwoga tangu kwao, mlio waliusikia wote, mbona yeye anasikia vizuri tu? Na mikono inatetemeka kwa sababu ya hofu, si kwa sababu ya bomu. Ofisa akaandika, Wanzagi akatia sahihi, na ombi la Masatu likakataliwa. Marcelina hakuwepo siku hiyo, alikuwa kliniki. Yeye na Diana walichojua ni kwamba Masatu alishalipwa chake zamani, kwa sababu ndivyo Wanzagi alivyowaambia. Kwa nini alisema vile, sababu aliijua, ila hakuwahi kuitamka hata akiwa peke yake.

Akaenda Kigera siku ya Jumanne, na fimbo safari hii. Njiani alitunga namna tatu za kuomba radhi, moja ya kijeshi, moja ya kikanisa, na moja ya kulialia ambayo aliitupa kabla hata ya kufika stendi.

Redio ya Masatu ilisikika kutoka barabarani. Mwenyewe alikuwa ameketi nje ya duka la mkwewe, amezeeka, shati limefungwa vifungo vibaya. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai kilichotiwa nusu tu. Alipomwona mgeni hakushangaa. Akazima redio, akamwonyesha benchi upande wa kulia. "Kaa huku, Koplo. Upande ule utaongea na ukuta."

Wakasalimiana. Wakaulizana habari za mvua, za pamba ya Bunda, za nani amekufa. Mkwe akaleta ugali na samaki, akanawisha mikono ya mgeni, kisha akakaa karibu na baba mkwe wake, akamchambulia mnofu na kuondoa miiba yote, akampangia kwenye ukingo wa sahani. Alifanya hivyo bila kuangalia, na akili yake iko kwenye mteja anayeuliza bei ya mafuta. Masatu akala polepole, mkono ukimgonga kidevuni. Wanzagi akawa anatazama samaki wake mwenyewe. Mtu aliyeweza kuunga geti la shule kwa moto sasa anachambuliwa samaki.

Mwishowe akalitoa lililomleta. Alieleza habari ya mgongo, ya mguu, ya rufaa. Lile la mkojo hakulitaja. Masatu alisikiliza mpaka mwisho, sikio lake zima limeelekezwa kwake.

"Kwa hiyo unataka shahidi," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi barua yangu ninayo. Inasema shahidi aliyekuwa naye hakuona kitu. Nimeisomaga mpaka naijua kwa moyo."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa radhi. Benchi ni lao wawili, mkwe yuko dukani, barabara imetulia. Wanzagi alifungua mdomo aitoe ile ya kijeshi, maana ndiyo fupi. Kilichotoka kilikuwa kingine. "Yule ofisa aliandika vibaya," akasema.

Masatu alichukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akakirudisha. Wanzagi alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na fimbo yake.

"Nitakuja," Masatu akasema baadaye. "Ila nitasema yote niliyoona. Mimi sijui kusema nusu nusu. Fikiria kwanza kama unataka."

Wanzagi alijua ndani ya hiyo yote mna nini. Alirudi Mwitongo akatangaza kwamba anafuta rufaa. Mgongo ni wake, mguu ni wake, kama ni kukaa kwenye kiti atakaa, wazee wangapi wanakaa. Diana alipigiwa simu, akabembeleza, akakasirika, akakata. Marcelina hakubembeleza. Alikuwa akianua nguo kwenye kamba ya nyuma, ile iliyofungwa kati ya choo na migomba ili wapita njia wasiione, na kwenye kamba ile hapakuwa na nguo. Palikuwa na vitambaa kumi na viwili. Akaja navyo mpaka alipokaa mumewe, akavimwaga mapajani mwake.

"Miaka mitano nafuaga hivi kabla watu hawajaamka," akasema. "Nimemwambia nani? Hata mama yangu hajui. Kama aibu inauaga, Baba Diana, ningekuwa nimekufa mimi, si wewe."

Kisha akamwambia avikunje. Wanzagi akavikunja kimoja kimoja, hakujua vinakunjwaje, akavikunja hivyo hivyo. Hakusema lolote kuhusu kufuta rufaa tena.

Rufaa ilisikilizwa Musoma, kwenye ukumbi wenye mapangaboi mawili na meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa Kanali Shija, Msukuma mnene asiye na haraka, na pembeni yake alikaa yule yule meja mwenye miwani. Wanzagi alikuwa kwenye kiti cha kati, Diana na Marcelina nyuma yake, Masatu kwenye ncha ya benchi.

Marcelina alianza. Alisema ameolewa miaka arobaini na mmoja, akaeleza kamba ya nguo, akaeleza godoro, akaeleza jinsi mzee anavyoshika kuta. Alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza vitu dukani. Wanzagi alihesabu vigae vya sakafu. Alipofika kigae cha thelathini mkewe alikuwa amemaliza, na meja alikuwa ameandika ukurasa mzima, wakati safari ya kwanza aliandika neno moja.

Kanali akamwita Masatu, na Diana akamwomba Kanali aongee kutoka upande wa kulia wa shahidi. Masatu akasimama, akaweka mikono nyuma ili isionekane ikitetemeka, akaeleza habari ya lori. Lilikuwa la saba kwenye msafara. Yeye alitupwa kwenye migomba. Alipoamka hakusikia kitu upande mmoja, lakini upande wa pili alimsikia Wanzagi.

"Alikuwa anasema nini?" Kanali akauliza.

"Alikuwa analia, afande. Analia kwa Kizanaki, anamwita mama yake. Nikafika, ubao wa lori umemlalia kiunoni. Akaniomba nimpige risasi. Nikautoa ubao, nikambeba. Alilia mpaka kunakucha."

Diana alikuwa nyuma ya baba yake, hivyo Wanzagi hakuuona uso wake. Alijitahidi asiuone. Tangu mtoto yule aanze kuelewa maneno alikuwa akimsimulia habari ya kope.

"Hemani nilikaa naye," Masatu akaendelea. "Siku zote tatu mkojo ulikuwa unamtoka bila yeye kujua. Anashtukia tu kumelowa. Akaniapisha nisimwambie daktari. Mimi ndiye nilikuwa namfuliaga suruali kwenye mfereji wa migomba, naianika juu ya bunduki. Siku ya tatu daktari akapita, akamuuliza hali. Akasema, mzima, afande. Suruali aliyovaa ilikuwa bado haijakauka."

Meja akainua kichwa. Akamwomba arudie hapo, mkojo ulianza siku ya ngapi, na miguu ilikuwaje. Masatu akarudia yote, ulianza siku ile ile, na mguu wa kushoto alikuwa akiuburuta. Meja akamnong'oneza Kanali, akaonyesha mahali kwenye karatasi kwa ncha ya kalamu. Hata Wanzagi asiye daktari alielewa. Kile kitu cha tatu, kile cha hili kuzaliwa na lile, kilikuwa kimepatikana, na kilikuwa ndani ya suruali aliyoifua Masatu.

Kanali akamgeukia. "Mzee Wanzagi, umemsikia shahidi wako. Ni kweli?"

Angeweza kusema ni kweli kiasi. Angeweza kusema hakumbuki, ni zamani. "Ni kweli, afande," akasema. "Yote."

Lilikuwa limekwisha. Kanali alianza kukusanya karatasi na uso wake ulikuwa umelegea kidogo, uso wa mtu ambaye ameshaamua. Diana aliushika mgongo wa kiti cha baba yake. Na katika ule wepesi wa kumaliza shauri, Kanali akamtazama Masatu, akaiona mikono iliyokuwa imerudi mbele, akauliza kwa wema tu, wala si kwa kazi. "Na wewe mzee, si ulikuwa lori hilo hilo? Lako liliamuliwaje?"

"Langu lilikataliwa, afande," Masatu akasema. "Sikupata shahidi."

Akasema hivyo bila kumtazama Wanzagi. Mtu aliyesema hajui kusema nusu nusu alikuwa ameikata kweli yake mwenyewe, mbele ya mke na mtoto wa mwenzake, ili mwenzake aende nyumbani salama. Kanali akatikisa kichwa kwa huruma na kuchukua mhuri.

Wanzagi alikuwa ameshindwa kuomba radhi kwenye benchi la Kigera palipokuwa hapana mtu. Hapa palikuwa na watu watano. Aibu ya kusikia vitambaa vyake vikitajwa aliiona sasa ni kitu cha watoto. Hii nyingine ilikuwa nzito kuliko ile, na alijua wazi kwamba akinyamaza kwa pumzi tatu hivi itapita, mhuri utagongwa, na atafanyiwa upasuaji.

"Alikuwa na shahidi," akasema.

Kanali akasimamisha mkono.

"Alikuwa na shahidi, afande. Nilikuwa mimi. Ofisa alikuja kwangu nikamwambia Masatu hakupatwa na kitu. Nikatia sahihi."

Kanali akauweka mhuri chini, akamtaka afikirie vizuri anachosema. Akiyaandika hayo, alimweleza, ataandika kwamba mwombaji aliyeko mbele yake amewahi kutoa ushahidi wa uongo katika shauri la jeshi, na shauri la leo nalo linategemea neno lake. Meja pale alimpima mwenyewe akaambiwa mzima. Sasa wenye kukagua faili hili huko juu watamwamini kwa lipi? Huenda likarudishwa. Huenda likachukua mwaka.

"Mwaka sina," akasema Wanzagi. "Andika."

Kanali akavuta karatasi mpya. "Ulisema nini hasa? Maneno yenyewe."

"Nilisema ni mwoga tangu kwao. Nikasema mikono yake inatetemeka kwa hofu."

Nyuma yake Marcelina alivuta pumzi, na mkono wa Diana ukaondoka kwenye kiti.

"Na ulijua si kweli."

"Nilijua."

"Kwa nini, mzee?"

Wanzagi akajaribu kukaza shingo, haikukaza. "Kwa sababu yeye ndiye peke yake aliyenisikia nikilia," akasema. "Nikaona akijulikana ni mwoga, hata akisema hataaminika."

Kalamu ya Kanali ilikwaruza karatasi muda mrefu. Masatu alikuwa ameinama mbele, kiganja nyuma ya sikio zima, anahakikisha amesikia sawasawa. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mtu anayeshangaa kwa dhati, kama aliyeambiwa bei ya kitu ambacho kwao hutolewa bure.

"Koplo," akasema, "mimi nililia pia. Tulilia wote wawili, nimekushika kichwa hapa. Hukunisikia?"

Wanzagi akatafuta ndani ya kumbukumbu yake yote ya ile alfajiri, migomba, moshi, ubao, sauti yake mwenyewe. Masatu hakuwemo.

"Sikukusikia," akasema.

Kanali akaigeuza karatasi, akaisukuma mbele yake, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.